Mito ya Katanga ipo: kwa nini tunarudishwa kwenye moshi?

Kwa Mheshimiwa Liwali wa jimbo la Haut-Katanga. Kwa waheshimiwa wabunge wa jimbo. Kwa mawaziri wa Umeme, wa Madini na wa Hidrokaboni kule Kinshasa. Na kwa wakubwa wa makampuni ya madini mnaofanya kazi katika udongo wetu.

Wakubwa wetu, salamu za heshima.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Nimeamua kuandika wazi, mbele ya watu wote, kwa kuwa jambo lenyewe ni la watu wote. Sehemu kubwa ya shaba na kobalti ya Katanga inachimbwa kwa msaada wa jenereta za mazutu (dizeli). Inapelekwa bandarini kwa makamyo ya mazutu. Katika nyumba zilizo jirani na migodi hiyo hiyo mama anasonga bukari (ugali) juu ya makala, yaani mkaa wa miti, maana umeme haufiki, au unafika usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Na sasa nasikia tena watu wenye vyeo wakilirudia lile wazo la zamani: Luena kuna makaa ya mawe, Kalemie kuna makaa ya mawe, tuyachome tupate umeme. Nawaomba msitie sahihi. Na mtueleze ni kwa nini jimbo lililoanza kuachana na makaa ya mawe karibu miaka mia moja iliyopita linarudishwa kwenye moshi.

Makaa hayo nayafahamu, kwa sababu ni somo ninalolifundisha. Miamba inayobeba shaba yetu ni ya kale mno. Ilianza kutandazwa chini ya maji zaidi ya miaka milioni 800 iliyopita, wakati ambapo nchi kavu haikuwa na mti wala jani. Makaa ya mawe yalikuja nyuma sana, kati ya miaka milioni 300 na milioni 250 iliyopita. Afrika ilikuwa bado imeshikana na Amerika ya Kusini, India, Australia na Antaktika, na barafu nene ilikuwa imefunika sehemu kubwa ya huku kwetu. Ilipoyeyuka iliacha mabonde yaliyojaa maji na matope. Mimea ikaota humo, ikafa, ikaangukia ndani ya maji yasiyo na hewa ya kutosha kuiozesha. Mingine ikaota juu yake, nayo ikafa. Mchanga ukaifunika, uzito ukaikamua, joto la chini ya ardhi likaipika polepole mpaka ikawa jiwe jeusi linaloshika moto. Wanajiolojia waliipa miamba hiyo jina la Lukuga, ule mto unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika pale Kalemie, na jina hilo limo katika vitabu vya jiolojia ya Kongo hadi leo. Kaboni ambayo mimea ile iliivuta kutoka hewani kwa mamilioni ya miaka ndiyo tunayoirudisha hewani kwa dakika chache tukiwasha tanuru.

Mji huu wenyewe ulizaliwa na makaa, tena ya wengine. Reli ya kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati ule, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, likamwaga shaba yake ya kwanza. Koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa ili yatoe joto kali, iliyowasha tanuru lile ilitoka Wankie, ambako leo kunaitwa Hwange, nchini Zimbabwe, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli. Kila tani ya shaba iliyotoka hapa ilikuwa na jasho la wachimbaji wa kule ndani yake. Na damu pia: tarehe 6 Juni 1972 mgodi wa Wankie ulilipuka, watu zaidi ya 400 wakafia chini ya ardhi, na wengi wao hawakutolewa kamwe. Miaka ya 1920 wazungu walianza kuchimba makaa ya Luena, kwenye njia ya reli ya kwenda Bukama, wakitumaini kupunguza gharama ya Wankie. Yalisaidia kiasi. Lakini ni makaa yenye majivu mengi, hayakufaa kutengenezewa koki, na koki ikaendelea kuletwa kutoka kusini. Nawakumbusha hilo kwa sababu wanaosifia Luena leo wanazungumza kana kwamba kuna hazina iliyosahauliwa. Haikusahauliwa. Ilipimwa, ilichimbwa, ilichomwa, na wenye kampuni wenyewe waliona kwamba iko njia iliyo bora.

Njia hiyo ilikuwa maji.

Mwaka 1930 maporomoko ya Mwadingusha kwenye mto Lufira yalianza kutoa umeme, na nyuma ya bwawa lile likatokea ziwa la Tshangalele ambalo wavuvi wetu wanalitegemea hadi leo. Mwaka 1950 ikafuata Koni, chini kidogo kwenye mto ule ule. Mwaka 1952 Nzilo kwenye mto Lualaba, na mwaka 1956 Nseke. Vituo vinne ndani ya miaka isiyofika thelathini. Sisemi kwamba utawala ule ulikuwa mwema; watu wetu walijenga mabwawa yale kwa mishahara ya aibu, na umeme ukaenda kwenye viwanda na kwenye mitaa ya wazungu kabla ya kwenda popote pengine. Nasema tu kwamba kampuni iliyotafuta faida na hakuna kingine ilipiga hesabu, ikaona kwamba kusafirisha mafuta na makaa kutoka mbali ili kuendesha mgodi ulio karibu na maporomoko ya maji ni hasara.

Hata treni ilibadilishwa. Kuanzia mwaka 1952 njia ya reli kati ya Likasi na Tenke iliendeshwa kwa umeme, na baadaye nyaya zikaendelea kutandazwa juu ya reli ya Katanga, upande huu mpaka Lubumbashi na upande ule kuelekea Kamina. Hiyo ilikuwa wakati ambapo treni nyingi za bara hili zilikuwa bado zinakula makaa na kuni. Nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba shaba ya babu zao ilivutwa na maji ya Lufira na Lualaba, hawaamini. Wananiuliza: sasa nyaya zile zilienda wapi? Naomba mnisaidie jibu, kwa sababu mimi nawajibu kwa sauti ndogo.

Leo shaba inapita Kasumbalesa kwa makamyo. Kila mtu aliyewahi kusafiri njia ile anajua foleni yake: makamyo yamesimama siku kadhaa, injini zinanguruma, madereva wanapikia chini ya matela. Kuna yanayoelekea Dar es Salaam, kuna yanayoelekea Durban, Beira, Walvis Bay. Na kutoka upande wa pili yanaingia makamyo ya matangi yakituletea mazutu na esanse (petroli). Barabara moja, msafara mmoja wenye uzito wa madini unatoka, mwingine wenye uzito wa mafuta unaingia. Zambia, jirani yetu, ilijengewa bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, kilomita 1,710, tangu mwaka 1968. Sisi tulio ng'ambo ya mpaka tunaletewa kila lita kwa gurudumu, na kila kamyo linapochelewa mpakani, bei katika komini za Kenya na Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi, inapanda kabla jua halijatua.

Naomba tupige hesabu pamoja, hesabu ya darasani. Jenereta ya mazutu hutoa kama kilowati-saa tatu na nusu hadi nne kwa lita moja. Mgodi unaohitaji megawati 10 usiku na mchana utachoma kati ya lita 60,000 na lita 69,000 kila siku. Tangi la kamyo hubeba kama lita 40,000. Hiyo ni karibu kamyo moja na nusu hadi mbili kwa siku, kwa mgodi mmoja wa kiasi tu, na migodi mikubwa ya majimbo ya Haut-Katanga na Lualaba inahitaji mara kumi ya hapo na zaidi. Kila lita ikiungua inatoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Kwa hiyo mgodi ule wa mfano wetu unatoa zaidi ya tani 160 kwa siku. Juu yake weka mafuta ya kamyo lililoleta mafuta.

Na madini yanayotoka kwa moto huo yanaenda wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka nchini mwetu, karibu yote kutoka Katanga hii. Inawekwa ndani ya betri za magari ambayo watu wa Ulaya, China na Marekani wanayanunua ili waachane na petroli. Sina chuki na mtu wa Oslo anayeendesha gari lisilo na moshi. Lakini moshi wake haujatoweka. Sehemu yake imehamia Kolwezi, Fungurume na Likasi, na unatoka kwenye mabomba ya jenereta nyuma ya kuta za migodi. Wakubwa, ninyi mnapokwenda kwenye mikutano ya tabianchi mnasema Kongo ni nchi yenye suluhisho la dunia. Ninaiamini kauli hiyo zaidi kuliko baadhi yenu. Ndiyo maana inaniuma kuona suluhisho lenyewe likichimbwa kwa mafuta.

Najua mtaniambia nini. Mtaniambia mitambo imezeeka, laini kubwa ya umeme ya kutoka mabwawa ya Inga, kwenye mto Kongo, hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, iliyokamilika mwaka 1982, inabeba umeme pungufu ya ule ambao wachimbaji wanauhitaji, na Zambia iliyokuwa ikituuzia umeme ilikaukiwa na maji mwaka 2024 mpaka watu wake wenyewe wakakaa gizani. Yote ni kweli. Mwaka ule wa ukame ulitufundisha jambo ambalo kila mkulima analijua: mvua haina mkataba na mtu. Kwa hiyo sidai kwamba maji peke yake yatatosha. Hapa kwetu mvua hukatika kuanzia Mei hivi mpaka Oktoba, na katika miezi hiyo hiyo anga linakuwa wazi kutwa nzima. Mito ikishuka, jua liko. Paneli na betri kando ya mabwawa yale ya zamani zingeyapumzisha mchana ili maji yatumike usiku. Migodi imeshaanza kulielewa jambo hili.

Lakini lile la mitambo kuzeeka silipokei hivi hivi. Mwadingusha ilikuwa imechoka kabisa. Ikafanyiwa matengenezo kwa ushirikiano wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na kampuni ya madini, na mwaka 2021 ikarudi na megawati 78. Kituo kilichojengwa mwaka 1930 kinafanya kazi upya, wakati jenereta za mazutu zilizonunuliwa juzi zinageuka chuma chakavu. Busanga kwenye Lualaba ilijengwa kutoka mwanzo, megawati 240. Inga, mtambo namba 5 wa Inga 2, megawati 178, umetengenezwa kwa fedha za kampuni ya madini ya Kolwezi. Kwa hiyo fedha zipo, mafundi wapo, na mito haijahama. Mahali ambapo mgodi umeona faida yake katika maji, kazi imefanyika. Swali langu ni kwa nini jambo hilo linaachiwa hiari ya kila kampuni, kama sadaka, wakati ninyi ndio wenye kalamu ya kutoa vibali.

Niseme pia kuhusu mafuta yetu wenyewe, maana wapo wanaoamini kwamba siku Kongo itakapochimba mafuta mengi, bei ya hapa itashuka. Kongo inachimba mafuta. Inayachimba baharini na pwani ya Muanda tangu miaka ya 1970. Yanauzwa ghafi, yanaondoka na meli, na kiwanda cha kusafishia kilichojengwa huko Muanda hakisafishi tena mafuta ghafi. Mtoto wa Muanda anaona moto wa gesi ukiwaka usiku na kesho yake ananunua esanse iliyotoka ng'ambo kama sisi. Karibu miaka hamsini ya visima haikumpunguzia mtu wa Lubumbashi hata faranga moja kwenye lita.

Mwezi Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi. Baadhi vilikuwa kwenye bonde la Ziwa Tanganyika, ziwa ambalo ndugu zetu wa Kalemie na Moba wanakunywa maji yake na kula samaki wake. Vingine vilikuwa kwenye Bonde la Kati, kule Équateur na Tshuapa, juu ya mabwawa ya mboji ambayo watafiti waliyapima na mwaka 2017 wakatangaza kwamba, kwa pamoja na upande wa Brazzaville, yanahifadhi tani bilioni 30 hivi za kaboni. Hapo darasani kwangu huwa nasimama muda mrefu. Mboji ile ndiyo makaa ya mawe kabla hayajawa makaa: mimea imekufa, imezama kwenye maji, haijaoza, inasubiri. Kilichotokea Luena na Lukuga miaka milioni 300 iliyopita kinaendelea kutokea mbele ya macho yetu katika misitu ya Mbandaka. Mtu akipitisha barabara na mifereji ya kutafutia mafuta pale, maji yatakauka, mboji itaanza kuoza au kuungua, na kaboni ile itatoka hata kabla pipa la kwanza halijajazwa. Mnada ule ulifutwa mwezi Oktoba 2024, nami nilishukuru. Mwaka 2025 vitalu 52 vikafunguliwa upya katika Bonde lile lile. Mheshimiwa Waziri, tunaomba utueleze, sisi tulio mbali na Kinshasa, ni kitu gani kilibadilika katika miezi ile michache.

Sasa niwarudishe jikoni.

Wengi wetu hapa Lubumbashi tunapika kwa makala. Si mapenzi. Mama mwenye mbabula, yaani jiko la makala, angefurahi kubonyeza swichi. Lakini umeme usiotabirika haumfai mtu mwenye watoto wa kulisha saa kumi na mbili jioni, hivyo gunia la makala ndilo benki yake. Kwa matanuru ya udongo yanayotumika porini, kilo moja ya makala inakula kati ya kilo tano na kumi za kuni. Misitu ya miombo iliyozunguka mji huu imeondoka kwa njia hiyo. Pigeni hesabu kwa macho yenu: tokeni kwa barabara ya Kasenga, ya Likasi au ya Kipushi alfajiri, muwaangalie vijana wanaosukuma baiskeli zilizobebeshwa magunia mpaka kijana mwenyewe haonekani. Kila mwaka wanatoka mbali zaidi. Pamoja na miti wameondoka viwavi tuliokuwa tukiwaokota na uyoga wa mwanzo wa mvua, chakula ambacho maskini alikipata bure. Na mwezi wa Juni na Julai, baridi ya Katanga inapouma, watu wanaingiza mbabula ndani ya chumba na kufunga dirisha. Gesi inayotoka haina rangi wala harufu. Kuna familia zinazolala na haziamki. Hakuna mtu mtaani kwetu asiyejua nyumba iliyopatwa na msiba wa namna hiyo.

Nimeyaweka makala na mazutu katika barua moja kwa sababu ni jambo moja. Umeme wa maji ukipungua, mgodi una fedha ya kununua jenereta. Sisi hatuna. Kwa hiyo mgodi unachoma kilichofukiwa miaka milioni nyingi, sisi tunachoma kilichoota juzi, na wote tunavuta moshi ule ule. Na panapokosekana umeme wa kugawana, laini kubwa hupita juu ya mapaa yetu kwenda mgodini. Sisi tunabaki na nguzo.

Tunaujua moshi, wakubwa wangu. Mji huu umeusomea. Bomba lile refu la tanuru la Lubumbashi, ambalo wageni hulipiga picha pamoja na mlima wa takataka zake za shaba, lilitoa gesi ya salfa kwa miongo mingi. Gesi hiyo ilitoka hasa kwenye madini yenyewe, si kwenye makaa pekee, nami sitaki kuchanganya mambo. Lakini tazameni Penga Penga, upande ambao upepo ulikuwa ukiupeleka moshi. Miti ilikufa, nyasi zikafuata, mvua ikauosha udongo mpaka ukabaki mwekundu, uchi, umejaa shaba, zinki, risasi na kadimiamu. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamehangaika kuotesha majani mahali hapo, jani baada ya jani, kwa mbolea na chokaa. Tanuru lilikwisha kuzimwa. Udongo bado haujapona. Mkijenga kituo cha makaa ya mawe Luena, makaa yenye majivu mengi kama yale, majivu hayo yatamwagwa wapi? Chini yake kuna Bukama, kuna Lualaba, kuna maziwa ya Upemba yanayolisha samaki nusu ya Katanga. Swali hilo sijaona mtetezi yeyote wa makaa akilijibu.

Kuna hoja nyingine ninayoiheshimu zaidi, na nitaijibu kwa moyo wote. Vijana wangu wa darasa la juu wananiambia: Mwalimu, Waingereza walichoma, Wabelgiji walichoma, Wachina wanachoma hadi leo, wote wakatajirika, kwa nini sisi tuambiwe tuache? Wana haki ya kuuliza. Mkongomani wa kawaida, kwa hesabu ya mafuta, gesi na makaa ya mawe, anatoa chini ya kilo 100 za hewa ya ukaa kwa mwaka mzima. Mmarekani anatoa zaidi ya kiasi hicho kwa siku tatu. Deni la hewa si letu, na mtu wa Ulaya akija kunifundisha adabu juu ya mbabula ya mama yangu, nitamwonyesha mlango. Ningekuwa naishi katika nchi isiyo na mto, isiyo na jua, yenye makaa peke yake, pengine ningeandika barua tofauti.

Lakini hatuishi huko. Inga pekee, ikijengwa yote, inakadiriwa kutoa zaidi ya megawati 40,000. Tunayo Lufira, Lualaba, Luapula. Tukichagua makaa tutakuwa tumechagua kitu ghali zaidi na kichafu zaidi kati ya tulivyo navyo, na atakayekilipia ni yule yule anayevuta majivu. Kituo cha makaa kikijengwa leo kitataka kuchoma kwa miaka 30 au 40 ili kirudishe fedha zake. Wanunuzi wa kobalti wameshaanza kuuliza madini yamechimbwa kwa umeme gani. Mtoto anayezaliwa leo Ruashi atarithi mkataba wa makaa wakati wanunuzi hao wamekwisha kuhamia kwa wengine. Wabelgiji walitajirika kwa makaa yao wakati hakukuwa na njia nyingine; sisi tulionyeshwa njia nyingine mwaka 1930, hapa hapa Katanga, na baba zetu ndio walioimwagia saruji.

Basi tunaomba nini?

Kwanza, kibali chochote cha makaa ya mawe, Luena au Kalemie, kisipite kimyakimya. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inataka uchunguzi wa athari na wananchi wasikilizwe. Wananchi hao ni pamoja na wavuvi wa Upemba, kwa lugha wanayoielewa, na karatasi za uchunguzi zibandikwe mahali wanapoweza kuzisoma. Zisiishie kwenye droo ya ofisi.

Makampuni ya madini yatangaze kila mwaka lita za mazutu yaliyochoma na megawati yaliyotumia. Takwimu hizo wanazo, maana hakuna mhasibu wa mgodi asiyejua bei ya mafuta. Tukiona namba, tutajua ni nani amejenga na ni nani anayengojea. Na mgodi unaoomba kupanua kazi utakiwe kuonyesha umeme safi wa upanuzi huo unatoka wapi kabla haujapewa ruhusa. Sheria ya umeme ya mwaka 2014 iliwafungulia mlango wawekezaji binafsi; kazi yenu sasa ni kuwaambia waingie na nini.

Kuhusu fedha, nitasema zaidi kidogo, kwa sababu hapo ndipo tunapoambiwa kila mara kwamba hakuna. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ambayo mgodi hulipa kwa madini unayoyatoa, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au usultani ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti, tangu ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati, inalipiwa mrabaha wa asilimia 10. Hizo si pesa ndogo. Mheshimiwa Liwali, waheshimiwa wabunge, katika ile 25 ya jimbo, ni kiasi gani kimekwenda kwenye kabine za umeme (vibanda vya transfoma) za mitaa, kwenye nyaya, kwenye nguzo, kwenye mita? Na ule mfuko wa vizazi vijavyo: kizazi kijacho kitahitaji nini kuliko bwawa linalofanya kazi? Madini yatakwisha siku moja. Mwadingusha imeonyesha kwamba bwawa linaweza kuvuka miaka 90.

Halafu laini. Kila laini mpya ya mgodi inayopita juu ya mtaa iache kabine katika mtaa huo, na iandikwe ndani ya mkataba pamoja na tarehe. Mama akipata umeme kwa saa zinazojulikana, hata kama ni saa sita tu kwa siku, ataacha nusu ya makala bila kuhubiriwa. Saa zinazojulikana, nasisitiza. Anayeuza samaki wa barafu pale sokoni Kenya hahitaji ahadi ya umeme wa saa 24. Anahitaji kujua utakuja lini.

Na reli. Msiiache reli. Najua macho yote yako kwenye njia ya reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, na ni vizuri shaba iende Atlantiki kwa treni badala ya kwenda Durban kwa kamyo. Lakini tusifurahie treni ya mazutu mahali ambapo treni ya umeme ilipita kabla wengi wetu hatujazaliwa. Nyaya zirudishwe Likasi na Tenke, na mkataba wa ukarabati useme hivyo waziwazi.

Nawaomba mtujibu mbele ya watu. Jengo la 30 Juin lina ukumbi mkubwa. Tuitieni huko kabla ya bajeti ijayo ya jimbo kupigiwa kura: walimu, akina mama wa soko, wachoma makala, mafundi wa umeme, madereva wa Kasumbalesa, wakurugenzi wa migodi. Tutakuja na maswali haya. Ninyi mje na vitabu vya hesabu: lita zilizochomwa, megawati zilizotengenezwa, na fedha za mrabaha, zilikopita na mahali zilipo.

Kwa heshima,

Mwalimu wa jiografia, Katuba, Lubumbashi